Kabla hujamwacha fundi: jibu kwa kijana wa Kibosho anayetaka kuchonga mpingo

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa miaka 24, nyumbani ni Kibosho, Moshi. Nilisoma useremala chuoni, kisha nikaja Arusha, na huu ni mwaka wa tatu nipo kwa fundi mchongaji. Tembo, twiga na Wamasai wa mninga nawamaliza mwenyewe, lakini kwenye mpingo hajaniruhusu zaidi ya kupiga msasa na kupaka kiwi. Ninachopata kinatosha chakula na kodi ya chumba, basi. Mwenye duka mmoja ananishawishi nijitegemee, akisema atachukua kila nitakachochonga. Je, miaka mitatu haitoshi? Kazi hii inaweza kumlisha mtu hadi uzeeni, au nirudi kwenye milango na makabati? Nyumbani kuna mringaringa wa babu ulioangushwa na upepo mwaka jana. Naweza kuanza nao?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umenieleza miaka uliyokaa kwa fundi, wanyama unaowamaliza, na hata kodi ya chumba. Jambo moja hukulitaja, nalo ndilo ningelihitaji kabla ya mengine yote: una magogo mangapi yanayokauka? Nakuuliza hivyo kwa sababu mchongaji anayeishi kwa kazi yake hula leo kutokana na mti alioununua miaka miwili au mitatu iliyopita, na yule anayenunua gogo asubuhi ili auze kinyago mwisho wa juma huwa anauza pamoja na ufa ambao bado haujaonekana. Kama jibu lako ni kwamba huna hata gogo moja, basi hujawa tayari kumwacha fundi, hata kama mkono wako ni mwepesi kuliko wake.

Niruhusu nieleze sababu yake, kwa kuwa vijana wengi huambiwa tu kwamba mpingo “una hasira” na kuachwa hapo. Mpingo ni mti mzito sana. Mita moja ya ujazo huweza kufika kilo 1,200 au kuzidi, ndiyo maana kipande chake kikitumbukizwa kwenye ndoo ya maji huzama kama jiwe. Uzito huo unatokana na kushikamana kwake, na kushikamana huko hufanya maji yaliyomo ndani yatoke kwa taabu. Ngozi ya nje inakauka na kutaka kusinyaa wakati tumbo la gogo bado ni bichi na limejaa, na kwa kuwa tumbo halikubali kupungua, ngozi hupasuka. Ukilianika juani unaharakisha ngozi na kuliacha tumbo palepale. Zaidi ya hayo, maji hutoka kwa kasi zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, na ndiyo sababu nyufa nyingi huanzia nchani na kutembea kuelekea katikati.

Kwa hiyo gogo likifika, siku ileile paka ncha zake nta iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mafuta. Liweke chini ya paa juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini yake, mbali na jiko, na usilaze mti wako moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji. Andika tarehe kwa chaki. Ukiwa na haraka ya halali, yaani oda iliyolipiwa nusu, chonga umbo la awali ukiacha nyama ya unene wa kidole kila upande, kisha lifukie kwenye gunia pamoja na maranda yake mwenyewe, uliache miezi kadhaa likipumua polepole, ndipo urudi kulimaliza. Njia hii haiondoi hatari yote, lakini ufa ukitokea utatokea wakati bado una nyama ya kuuondolea.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa gharama. Zamani, nikiwa na umri unaokaribia wako, nilipewa oda ya ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana, yenye kimo cha kunifika kifuani, na wenye oda walikuwa wageni wawili kutoka Ulaya waliotaka kuondoka nayo baada ya wiki sita. Gogo lilikuwa na miezi minne tu tangu likatwe. Nilijua, tena siku moja nikiwa nachonga mgongo wa bibi aliyekaa chini kabisa nilisikia mlio mdogo, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili, nikajifanya sikusikia kwa sababu ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Ilikuwa masika, na masika humdanganya mchongaji: hewa ikijaa unyevu mbao huvimba na nyufa nyembamba hujifunga zenyewe, ukipitisha kucha huoni kitu. Kinyago kikaondoka kikiwa kizuri. Baridi ilipoingia kule kwao, wakawasha moto majumbani na hewa ya vyumbani ikakauka kuliko kiangazi chetu chote, na mwezi wa pili ikaja barua yenye picha: ufa ulioanzia paji la uso wa babu aliyekuwa juu, ukashuka hadi goti la mtoto wa tatu. Mwenye duka alinikata fedha kwenye kazi tatu zilizofuata. Sikuwa na la kumlaumu.

Sasa turudi kwa fundi wako na msasa wake. Unaona kama anakuchelewesha, na yawezekana kuna kiasi cha ubahili ndani yake, kwa maana wapo mafundi wanaomweka kijana kwenye msasa miaka mitano kwa kuwa msasa ndiyo kazi wanayoichukia. Lakini msasa wa mpingo una elimu ambayo tezo, kile kishoka cha kuchongea, haikupi. Unapopanda kutoka namba 60 hadi 120, 240, 400 na kuendelea, vidole vyako vinajifunza mahali nyuzi za mti zinapogeuka, mahali penye fundo lililofichwa, na mahali ambapo weupe wa nje ulibaki chini ya mkono wa kinyago. Fumba macho siku moja, uupitishe mkono juu ya kazi ya fundi wako, ujaribu kusema patasi yake iliingia kutoka upande gani. Ukiweza, umeiva kwa sehemu hiyo. Na kwa kuwa ni mwaka wa tatu, una haki ya kumwomba mabaki: ncha za magogo, matawi, vipande vyenye nusu weupe nusu weusi. Usiombe gogo zima, maana gogo zima ni mtaji wake. Mwambie kwa heshima kwamba utafanyia kazi baada ya saa za kazi, na kwamba utamwonyesha kila kipande utakachokiharibu. Fundi akikunyima hata mabaki, hapo nitakubali kwamba tatizo ni yeye.

Kitu unachokikosa hasa ni kukaa naye anapochagua mti. Mwangalie. Mzee aliyenifundisha, Mmakonde aliyekuja juu huku baada ya kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, alikuwa haanzi na macho. Alilichukua gogo, akaligonga kwa kisigino cha tezo kuanzia ncha moja hadi nyingine huku sikio lake likiwa karibu, kwa sababu mpingo mzee mara nyingi huwa na uwazi ndani, na sauti hubadilika kutoka kengele kuwa debe pale uwazi unapoanza. Kisha alilamba kidole gumba, akalowesha ncha iliyokatwa na kusubiri. Mate yalipokuwa yanakauka, yaliganda kwa muda kidogo zaidi ndani ya nyufa ndogo, na nyufa hizo zikaonekana kama nywele. Alihesabu zilikokuwa, akaligeuza gogo hadi ufa mkubwa ukaangukia mahali ambapo angepachonga pawe wazi hata hivyo, baina ya miguu au chini ya kwapa. Baada ya hapo ndipo aliposema ndani yake kuna nani. Nimeona vijana wanaochora kwanza sura wanayoitaka kisha wakatafuta gogo la kuibeba; hao hununua miti mingi na kutupa mingi.

Utaratibu huo wa kumsikiliza mti ndio uliozaa sehemu kubwa ya sanaa tunayoiita ya Kimakonde. Wamakonde wa uwanda wa Newala na wale wa Mueda ng’ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, walikuwa na vinyago vyao vya jando na ngoma tangu zamani, lakini mtindo wa shetani, wenye viungo vilivyopinda na jicho moja mahali pasipotarajiwa, unahusishwa na Samaki Likankoa, aliyekuwa akichongea Dar es Salaam kwa mfanyabiashara Mohamed Peera mwishoni mwa miaka ya 1950. Gogo lililopinda ambalo halikufaa mtu mwenye mwili mnyoofu lilimfaa shetani. Tembo na twiga unaowachonga wewe wana ukoo mwingine kabisa: wanyama wa namna hiyo walienea Afrika Mashariki kupitia Wakamba wa Wamunyu, Kenya, na mwanzilishi anayetajwa huko ni Mutisya Munge, ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alifika Tanganyika na kujifunza uchongaji kwa Wazaramo. Kwa hiyo yule tembo wako anayeuzwa Mnara wa Saa ana babu Mzaramo aliyepitia Ukambani, jambo ambalo hunichekesha kila ninapowasikia wauzaji wakibishana ni wa kabila gani.

Kuhusu vifaa, nitakuwa mkali kidogo. Huandiki kama tezo na patasi unazotumia ni zako au za fundi. Kama ni za fundi, zianze kuwa zako kabla ya kitu kingine, na wewe wa Moshi una bahati, kwa sababu wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu, bado wanafua chuma kwa mkono. Mpelekee mhunzi kipande cha springi ya gari, mwambie ni tezo ya kuchongea mpingo, siyo ya kuchongea mzinga, maana ya mpingo hutaka mdomo mfupi na mnene zaidi, la sivyo utang’oka vijino. Mpini jitengenezee mwenyewe kwa urefu wa mkono wako. Mpingo hula makali haraka, na fundi anayesema alinoa asubuhi akafanya kazi hadi jioni hajagusa mpingo. Mimi hunoa baada ya kila dakika kumi au kumi na tano, kidogo tu, mara tatu nne kwenye jiwe lenye maji, kisha mara mbili kwenye kipande cha mkanda wa ngozi. Patasi butu hukulazimisha kugonga kwa nguvu, na kugonga kwa nguvu ndiko kunakoamsha ule ufa uliokuwa umelala.

Lile suala la kiwi lina pande mbili. Rangi ya viatu juu ya mpingo halisi ni uvivu tu, kwa kuwa mpingo uliopigwa msasa ukafika namba za juu kisha ukasuguliwa kwa nta ya nyuki na kitambaa cha pamba hung’aa wenyewe, na weusi wake una hudhurungi ndani yake ambayo kiwi huiua. Rangi ya viatu juu ya mti mwekundu au mweupe ili uuzwe kwa jina la mpingo ni udanganyifu, na kama siku moja tajiri wako atakuagiza ufanye hivyo, ondoka hata kama huna gogo hata moja. Mnunuzi mwerevu hukipima kinyago kwa kukibeba, kisha hukigeuza na kukikwangua chini kwa kucha au sarafu. Akikukamata mara moja, madereva wote wa wageni watakuwa wamepata habari kabla ya jua kuzama.

Sasa mwenye duka. Anaposema atachukua kila utakachochonga, muulize ana maana gani ya neno “atachukua”. Nina hakika ana maana ya mali kauli: wewe unaacha kazi dukani, yeye analipa ikishauzwa, na isipouzwa inarudi kwako na mikwaruzo. Maana yake ni kwamba mtaji wa duka lake utakuwa mgongo wako. Sikatai mali kauli moja kwa moja, kwa kuwa mwanzoni hakuna njia nyingine ya kuonekana, ila mwandikishe. Kila kipande kiandikwe kwenye daftari lenye nakala, bei yako ya chini, tarehe uliyokileta, na mwisho wa kukaa nacho, mathalani siku 90. Usipeleke zaidi ya theluthi ya kazi zako kwa mtu mmoja. Kumbuka vilevile kwamba bei ya dukani ina sehemu ya mwenye duka, sehemu ya pango, na mara nyingi kamisheni ya dereva aliyewaleta wageni, hivyo usikasirike ukisikia kinyago ulichokitoa kwa elfu arobaini kimeuzwa mara tatu ya hapo. Kasirika ukigundua kimeuzwa mwezi wa saba na wewe unalipwa mwezi wa kumi na moja.

Miezi hiyo sikuitaja ovyo. Wageni wa Arusha na Moshi hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, hurudi tena kwa wimbi dogo kuanzia sikukuu za Desemba hadi Februari, na masika ya Machi hadi Mei huondoka nao. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga safari za ndege, wachongaji niliokuwa nikikaa nao waligawanyika makundi mawili: waliokuwa na ujuzi mwingine na waliouza vifaa vyao. Waliouza vifaa, wengi hawakurudi. Ndiyo maana jibu langu kuhusu milango na makabati ni kwamba usiyaache. Aprili na Mei tengeneza milango. Fedha ya milango nunua magogo, kwa kuwa msimu wa wageni wachache ndio msimu ambao muuza mti naye hupunguza sauti.

Ukinunua, nunua mti wenye karatasi. Mpingo mwingi wetu hutoka kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma, na kutoka Lindi hadi hapa ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 yenye vizuizi vingi vya ukaguzi. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mazao ya misitu husafiri kwa hati ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na gogo halali hupigwa alama ya nyundo. Gogo la bei poa linaloshushwa usiku kwenye pikipiki litakupa usingizi wa wasiwasi, na kama mteja wako ni wa nje litamletea yeye matatizo pia, kwa sababu tangu Januari 2017 jamii yote ya mpingo imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Vitu vilivyokamilika ambavyo mti wake hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja vilisamehewa baadaye kwenye mkataba huo, lakini taratibu za hapa nchini hubaki palepale, kwa hiyo ukipata oda kubwa nenda ofisi za TFS ukaulize kabla hujapokea malipo ya awali.

Kuhusu uzee nitakujibu kwa kifupi, maana ni mwili wangu ninaouzungumzia. Bega la kulia sasa halinyanyui tezo kwa zaidi ya saa mbili, na kilichonibakiza kazini ni kwamba nachonga vitu vidogo vya bei kubwa na kuuza magogo makavu kwa wachongaji wenye haraka. Macho yapo, kifua kipo, na kifua kipo kwa sababu nilianza kuvaa barakoa mapema, nikachekwa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi ya watu wengi na kubana pumzi, na vumbi la mbao kwa jumla liliorodheshwa mwaka 1995 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Kitambaa cha leso hakitoshi. Piga msasa nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, na nawa mikono kabla ya kula.

Huo mringaringa wa babu yako umenifurahisha kuliko swali lako lote. Wazee wa kihambani, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, walijua wanachokifanya walipouacha mti huo kati ya migomba na kahawa: ni mti wa mizinga, wa ngoma na wa vyombo vya pombe, ni laini kwa tezo, mwepesi, na haupasuki kwa urahisi kama mpingo. Hautakupa bei ya mpingo. Utakupa mabakuli, vigoda, sinia na nyuso kubwa ambazo mpingo haukuruhusu kuzichonga kwa sababu ya wembamba wake, na utakupa nafasi ya kukosea bila kumlilia mtu fedha. Lakini umelala chini mwaka mzima sasa, na kama bado uko kwenye udongo, wadudu na ukungu wameanza upande wa chini.

Nenda wikiendi hii. Pitia kwanza ofisi ya kijiji uulize kibali, kwa kuwa Kilimanjaro huhitajika hata kwa mti wa shambani kwako, na huo ulioanguka wenyewe ni rahisi kuelezea kuliko ulioukata. Ukiupata mzima, ukate vipande vya futi tatu tatu, vingine vya futi moja na nusu, uvipasue katikati kupitia moyo wa gogo ili moyo wenyewe uondoke, maana humo ndimo nyufa za mringaringa zinapoanzia. Paka ncha rangi, panga darini juu ya zizi kama mama yako ataruhusu, pale moshi wa jikoni unapofika kwa mbali na kuwafukuza wadudu. Kipande kimoja, kile chenye tawi lililopinda, usikipasue. Nipigie picha yake, upande wa ncha na upande wa ubavu, uniandikie tena.